Somo la Akiba: Kisanduku Kimoja, Kazi Mbili



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika mapato na matumizi ya nyumbani. Leo tutajifunza jinsi akiba moja inavyoweza kufanya kazi mbili kubwa. Kazi ya kwanza ni kupata nyumba. Kazi ya pili ni kututunza uzeeni. Soma polepole. Penye hesabu, chukua kalamu na daftari uhesabu mwenyewe, usikubali tu kwa sababu imeandikwa.

1. KAZI MBILI ZA AKIBA

Kila mtu mzima anajua mambo mawili. Jua linachwa, na mvua inanyesha. Jua likichwa maana yake nguvu zinakwisha: mkono uliokuwa ukipasua mbao Mafinga au kuchuma chai Tukuyu utachoka. Mvua ikinyesha maana yake tunahitaji paa.

Watu wengi huzitenga kazi hizi mbili. Husema, "Kwanza nijenge, uzee nitaufikiria baadaye." Wengine husema, "Nitajenga nikistaafu, nikipata mkupuo." Njia zote mbili zina hatari.

Anayesema uzee baadaye hujikuta ana miaka hamsini na mitano, ana nyumba nzuri, lakini hana shilingi ya dawa. Atauza nini? Bati moja la paa?

Anayengoja mkupuo naye hana uhakika wa kiasi atakachopata. Tazama yaliyowapata wafanyakazi. Zamani baadhi ya mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ilikuwa ikitoa nusu ya mafao kwa mkupuo. Kuanzia Julai 2022 kanuni ikawa moja kwa wote, na mkupuo ukawa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024 serikali iliongeza mkupuo huo kuwa asilimia 40 kwa kundi moja na asilimia 35 kwa kundi lingine. Sehemu inayobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Pensheni hiyo ni msaada mkubwa, lakini mtu aliyekuwa amepanga kujenga nyumba yote kwa mkupuo alilazimika kupanga upya akiwa tayari mzee.

Kwa hiyo tuanze mapema, tuweke katika kisanduku kimoja, na tujue toka mwanzo kwamba kisanduku hicho kina kazi mbili.

2. KODI MBILI

Katika Kiswahili neno kodi lina maana mbili. Ipo kodi ya pango, tunayomlipa mwenye nyumba. Ipo pia kodi ya serikali, tunayolipa ili barabara, shule na zahanati zipatikane. Katika somo hili tutazitazama zote mbili, maana zote hugusa kisanduku chetu.

Tuanze na kodi ya serikali. Ukiweka fedha benki katika amana, benki hukupa riba. Riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 10 kabla haijakufikia. Hesabu ni hii:

Amana: shilingi 100,000
Riba ya mwaka, tuseme asilimia 10: shilingi 10,000
Kodi ya riba, asilimia 10 ya shilingi 10,000: shilingi 1,000
Unachopata: shilingi 9,000

Shilingi 1,000 si kitu kikubwa kwa mwaka mmoja. Lakini akiba ya uzee hukaa miaka ishirini. Shilingi iliyokatwa leo haizai tena kesho. Kuku akichukuliwa, na vifaranga vyake hutavipata.

3. MAHALI AMBAPO FAIDA HAIKATWI KODI

Je, ipo njia halali ya kuweka akiba ambayo faida yake haikatwi kodi? Ndiyo, ipo.

Njia moja ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kampuni ya serikali ya UTT AMIS huendesha mifuko ya namna hiyo. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005. Mfuko wa Ukwasi ulianza mwaka 2013. Watu wengi huchanga, kila mmoja kwa uwezo wake, na fedha zote hununua hatifungani za serikali, amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa za makampuni. Kila mchangaji hupewa vipande kulingana na fedha alizotoa. Thamani ya kipande ikipanda, akiba yake inakua. Faida anayopata mwenye vipande haikatwi kodi ya mapato. Akitaka fedha zake huuza vipande, naye hulipwa baada ya siku chache za kazi. Lakini kumbuka: thamani ya kipande inaweza pia kushuka, hasa katika mfuko wenye hisa nyingi.

Njia nyingine ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfuko huu ulitokana na ule wa zamani wa NPF ulioanza mwaka 1964, na ukaundwa upya kwa sheria ya mwaka 1997. Mkulima, fundi au mama lishe anaweza kujiunga kwa hiari. Kwa kawaida mtu hupata pensheni ya uzee akiwa na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mfuko huu ni mzuri kwa uzee, lakini huwezi kuufungua wakati wowote ukanunue bati. Ukiweza, uwe nao pamoja na kisanduku tunachokizungumzia.

Sheria za kodi hubadilika. Kila Juni Bunge hujadili bajeti. Kabla ya kuweka fedha zako, uliza: "Mwaka huu faida inakatwa kodi? Na nikitoka, kuna makato?"

4. HESABU YA FAMILIA TATU

Sasa tuchukue mfano. Familia hizi ni za mfano tu, lakini zinafanana na tunazozijua. Zote tatu zinaishi Uyole, Mbeya, katika vyumba vya kupanga. Kila familia inalipa kodi ya pango shilingi 40,000 kwa mwezi. Kila familia ina kiwanja, nayo imekwisha kuchoma matofali. Kila familia inaweka akiba shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani shilingi 600,000 kwa mwaka. Tuseme akiba inakua kwa asilimia 10 kila mwaka na faida haikatwi kodi. Asilimia 10 tumeiweka ili kurahisisha hesabu. Hakuna aliyeahidi kwamba itakuwa hivyo kila mwaka.

Mwisho wa mwaka wa kwanza: 600,000
Mwisho wa mwaka wa pili: 600,000 + 60,000 + 600,000 = 1,260,000
Mwisho wa mwaka wa tatu: 1,260,000 + 126,000 + 600,000 = 1,986,000

Endelea hivyo katika daftari lako. Mwisho wa mwaka wa nane utapata karibu shilingi 6,860,000. Hapo familia zinaachana njia.

Familia ya kwanza haigusi kisanduku. Inaendelea kupanga. Baada ya miaka 20 kisanduku kina karibu shilingi 34,360,000. Fedha ni nyingi, lakini familia bado inamlipa mwenye nyumba, na sasa baba na mama ni wazee.

Familia ya pili inatoa shilingi 5,000,000 mwaka wa nane. Inanunua saruji, mbao, bati na milango, inalipa mafundi na kuhamia kwake. Inaendelea kuweka shilingi 50,000 kwa mwezi kama zamani. Ile 40,000 ya pango inatumika kwa mambo mengine, haijulikani hata ilikokwenda. Baada ya miaka 20 kisanduku kina karibu shilingi 18,670,000.

Familia ya tatu nayo inatoa shilingi 5,000,000 na kujenga. Lakini siku ya kuhamia, baba na mama wanakubaliana hivi: "Kodi ya pango tutaendelea kuilipa. Tofauti ni kwamba sasa tutajilipa wenyewe." Kila mwezi wanaweka 50,000 ya zamani na 40,000 iliyokuwa ya mwenye nyumba. Baada ya miaka 20 kisanduku kina karibu shilingi 28,930,000. Na nyumba wanayo.

Tazama familia ya pili na ya tatu. Nyumba zao ni sawa. Mapato yao ni sawa. Tofauti ni zaidi ya shilingi 10,000,000, na yote imetokana na ile 40,000 ya kila mwezi.

Hili ndilo fundisho kubwa la somo letu. Akiba moja inaweza kufanya kazi mbili, ikiwa nyumba itakirudishia kisanduku kile ilichokitoa. Nyumba ni mkopaji. Imekopa kwenye uzee wako. Lazima ilipe.

Na kodi ya serikali je? Kama faida ya familia ya kwanza ingekatwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 20 ingekuwa na karibu shilingi 30,690,000 badala ya 34,360,000. Ingepungukiwa na zaidi ya shilingi 3,600,000. Basi kuchagua mahali pasipokatwa kodi kuna faida. Lakini kujilipa kodi ya pango kuna faida kubwa zaidi.

Tusijidanganye kwa jambo moja. Bei hupanda. Shilingi milioni moja baada ya miaka 20 haitanunua kile inachonunua leo. Ndiyo maana akiba isiyokua, kama ile ya kwenye chungu au ya chini ya godoro, kwa kweli inapungua. Na ndiyo maana kila mapato yakiongezeka, mchango nao uongezwe.

5. KIJIJINI AMBAKO HATUPANGI

Mwanakisomo wa Ismani anaweza kusema, "Mwalimu, mimi sipangi. Nyumba yangu ni ya nyasi, lakini ni yangu. Nitajilipa kodi gani?"

Swali hili ni zuri. Jibu ni hili: tazama ulichokuwa ukitumia kujengea. Mwaka wa kwanza uliuza mahindi ukachoma matofali. Mwaka wa pili uliuza ukajenga msingi. Mwaka wa tatu uliuza ukanunua bati. Nyumba imekwisha. Mwaka wa nne ukiuza mahindi, fedha za bati ziende wapi? Mkono umekwisha kuzoea kuzitoa. Usiuache mkono huo usahau. Ziende kwenye kisanduku siku hiyo hiyo ya kuuza, kabla hazijalala nyumbani.

Na unapojenga, usijenge pagale. Katika nyanda zetu masika ni marefu. Kuta za tofali zisizo na paa hunyeshewa tangu Desemba hadi Aprili, zikamomonyoka. Fedha iliyo katika pagale hailindi mtu na mvua, wala haikui. Ni afadhali fedha ya paa ikae katika kisanduku ikikua mpaka itoshe, kisha upandishe kuta na kuezeka katika kiangazi kimoja.

Ndugu zetu wa Mufindi wanaijua akiba ya muda mrefu kuliko wengi. Hupanda misonobari na mikaratusi, na msitu wa serikali wa Sao Hill wanauona kila siku. Msonobari uliokomaa hutoa mbao nzuri. Ukiukata mchanga kwa sababu ya shida ya ada au ugonjwa, unauza kwa bei ya chini. Akiba ya uzee ni kama msonobari huo. Tofauti ni kwamba shamba la miti linaweza kuungua kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye miti naye asiweke kila kitu shambani. Aweke kidogo na kwenye kisanduku.

6. WENZETU WAMEFANYAJE?

Jambo hili si letu peke yetu. Mwezi Aprili 2017 nchi ya Uingereza ilianzisha akaunti ya akiba yenye kazi hizi mbili. Mtu wa miaka 18 hadi 39 aliruhusiwa kuifungua. Aliweza kuweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali ikamwongezea robo ya alichoweka. Faida haikukatwa kodi. Fedha ziliruhusiwa kutolewa kwa kununua nyumba ya kwanza, au baada ya kutimiza miaka 60. Akizitoa kwa sababu nyingine, isipokuwa akiwa na ugonjwa wa kufisha, alitozwa robo ya fedha anazotoa.

Hebu tuhesabu. Mtu ameweka pauni 100. Serikali imeongeza 25. Jumla ni 125. Akizitoa bila sababu iliyoruhusiwa, anatozwa robo ya 125, yaani pauni 31 na senti 25. Anabaki na pauni 93 na senti 75. Amepoteza msaada wa serikali, na sehemu ya fedha zake mwenyewe pia.

Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2020, waliruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununulia nyumba ya kuishi. Inayobaki ilindwe kwa uzee.

Tunajifunza nini? Katika nchi hizo sheria ndiyo mlinzi wa kisanduku. Inasema fedha zitoke kwa kazi gani, na kwa kiasi gani. Vipande vyetu unaweza kuviuza wakati wowote, hata kwa harusi ya binamu. Huo ni uhuru, lakini bandu bandu huisha gogo. Basi mlinzi lazima tumweke wenyewe nyumbani.

7. USALAMA WA AKIBA

Akiba ya miaka mingi inahitaji mahali salama. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo zilizopungukiwa mtaji. Moja ilikuwa Njombe Community Bank, hapa hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Wakati huo Bima ya Amana ililipa kila mteja hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alingoja mali za benki ziuzwe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa kuwa shilingi 7,500,000.

Wazee wanaikumbuka pia Benki ya Nyumba Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi fedha za kujengea. Mikopo mingi haikurudi, na mwaka 1995 ikafungwa. Tunaona kwamba nyumba isiyolipa deni lake inaweza kuangusha hata benki. Sembuse kisanduku cha familia!

Kwa hiyo fuata haya:
(a) Bima ya Amana inalinda fedha zilizo benki. Hailindi vipande wala upatu.
(b) Ukijiunga na chama cha akiba na mikopo, omba kuona leseni yake kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uhudhurie mkutano mkuu.
(c) Upatu unasaidia kukusanya fedha, lakini haukui. Zamu yako ikifika, peleka fedha kwenye kisanduku.
(d) Anayekuahidi fedha mara mbili kwa miezi mitatu anakuibia.
(e) Mke na mume wote wajue akiba iko wapi, na jina la mrithi liandikwe.

8. SHERIA YA NYUMBANI

Chukueni ukurasa mmoja wa daftari. Baba na mama waandike sheria yao na kutia sahihi. Inaweza kuwa hivi:

Kwanza, tutaweka shilingi ........ kila mwezi, au kila tukiuza mavuno.
Pili, fedha zitatoka kwa kazi mbili tu: nyumba yetu ya kuishi, na uzee.
Tatu, kwa nyumba hatutatoa zaidi ya sehemu tuliyoiandika hapa: ........
Nne, hatutatoa fedha za nyumba mpaka zitoshe kuezeka.
Tano, mwezi tutakaohamia, kodi ya pango au fedha za ujenzi zitaanza kuingia kisandukuni.
Sita, ugonjwa na ada zitakuwa na akiba yake ndogo, mbali na hii.

Kanuni ya sita usiidharau. Wengi huvunja kisanduku si kwa anasa bali kwa shida. Akiba ndogo ya shida ndiyo mlango unaolinda ile kubwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Familia ya pili na ya tatu zilipataje nyumba sawa lakini akiba tofauti?
2. Taja maana mbili za neno kodi. Ni ipi inayogusa familia yako zaidi?
3. Kwa nini fedha iliyo katika pagale haifanyi kazi yoyote kati ya mbili?
4. Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kutueleza habari za NSSF, za vipande, au za chama cha akiba na mikopo? Tumwalike darasani.

ZOEZI LA HESABU

1. Mwanakisomo anaweka shilingi 20,000 kwa mwezi. Ataweka kiasi gani kwa mwaka?
2. Akiba hiyo ikikua kwa asilimia 10, atakuwa na kiasi gani mwisho wa mwaka wa pili? Fuata mfano wa sehemu ya 4.
3. Alikuwa akilipa kodi ya pango shilingi 25,000 kwa mwezi. Sasa amehamia kwake. Akijilipa kodi hiyo pamoja na akiba yake ya zamani, ataweka kiasi gani kwa mwaka?

MAANA YA MANENO

amana: fedha zilizowekwa benki
hatifungani: hati ya mkopo ambao mwananchi huikopesha serikali au kampuni, akalipwa riba
mkupuo: fedha zinazolipwa zote kwa mara moja
pagale: nyumba ambayo haijamalizika
pango: kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo
vipande: sehemu za mfuko wa uwekezaji anazomiliki mchangaji